Si kila "husk" ni pumba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme juu ya neno la Kiingereza "husk", ambalo waandishi wetu wa mambo ya kilimo wamezoea kulitafsiri "pumba" popote wanapokutana nalo.

Mwaka jana mdogo wangu alianza kufuga kuku kwa kufuata kijitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, ambacho kilimwagiza atandaze pumba kwenye sakafu ya banda. Alinunua magunia manne ya pumba za mahindi, akayamwaga yote. Kuku walizidonoa pamoja na kinyesi chao, zilizobaki zikalowa na kushikana kama ugali uliochacha, na baada ya siku chache harufu ikawa haivumiliki. Nilipoipata nakala ya Kiingereza nilikuta "rice husks", yaani kumvi: yale maganda ya nje ya mpunga, makavu, yanayowasha ngozi ukiyashika. Kumvi zina silika nyingi (madini magumu kama ya mchanga), ndiyo maana haziozi upesi na zinafaa kutandikwa. Kwa sababu hiyo hiyo hazifai kuwa chakula cha kuku. Pumba ni ile ngozi laini ya ndani inayotoka punje inaposuguliwa, nayo ndiyo chakula.

Najua kwamba mashineni watu wengi husema "pumba za mpunga" kwa vyote viwili. Chanzo chake naona ni zile mashine ndogo zinazokoboa kwa mkupuo mmoja, ambazo husaga kumvi na ngozi ya ndani vikatoka vimechanganyika. Lakini mashineni mnunuzi anatia mkono guniani akajua anachonunua, ilhali msomaji ana neno tu.

Kiingereza chenyewe hulitumia neno hili kwa upana mkubwa. Marekani "husk" ni majani yanayolifunika hindi. Kwenye nazi ni makumbi, yale maganda ya nje yenye nyuzi. Na katika Biblia yao ya mwaka 1611, "husks" alizotamani mwana mpotevu ni maganda ya mkharubu, mti wa pande za Mediterania, nayo Biblia yetu ikasema vizuri tu "maganda". Kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni mmea gani, na ni sehemu ipi ya mmea huo.

Akiuliza, maneno atayapata. Nazi peke yake inatosha kuwa ushahidi: wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja hufukia makumbi ufukweni kwa miezi, huyafukua na kuyaponda hadi wapate usumba wa kusokotea kamba, na hakuna hata mmoja wao atakayechanganya kumbi na kifuu, kwa kuwa kifuu, lile gamba gumu la ndani, ndicho kinachotoa upawa. Vivyo hivyo, aliyewahi kupepeta nafaka kwa ungo anayajua makapi yanayopeperuka na wishwa unaobaki baada ya kutwanga.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa kilimo uandike "kumvi" pale panapokusudiwa kumvi, na uongeze maelezo mafupi kwa msomaji asiyelijua neno hilo. Kama wakulima wa mpunga wa Kyela au wa Mwea, Kenya, wana jina lao la kumvi, ningefurahi kulisoma katika safu hii.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro