Barua kwa Mwanangu Aliyeko Malindi: Usilale na Chai ya Mkandaa

Lamu, Mkomani

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baad, sisi huku tu wazima kwa uwezo wake Mola, hofu na mashaka ni juu yako. Mamako amenihadithia mlivyozungumza kwa simu. Alipokuuliza umekula nini ulimjibu chai, na alipokuuliza chai na nini ulinyamaza. Tangu hapo hajatulia, na mimi sijatulia. Nimekaa barazani baada ya alasiri nikuandikie, kwa maana mambo haya kwa simu hayaeneki, na karatasi utaweza kuibandika ukutani karibu na unapopikia.

Najua unacholipwa. Kijana anayejifunza useremala hupewa cha kumsogeza, na ukishatoa kodi ya chumba kinabaki kidogo. Kidogo hicho kinaisha Jumatano kwa kuwa unanunua chakula kilichopikwa na mtu mwingine: mandazi asubuhi, viazi karai mchana, chipsi usiku. Muuza chipsi akuuzia viazi, mafuta, makaa na jasho lake, na ana haki kulipwa vyote. Lakini saa nne usiku njaa imesharudi, ukachemsha chai ya mkandaa, chai kavu isiyo na maziwa, ukalala. Mtu anayepiga randa kutwa hawezi kuishi hivyo. Mikono itaanza kutetemeka, na msumeno haumsamehei mwenye mikono inayotetemeka.

Mimi upishi niliujua baharini. Jahazini mdogo wa mabaharia ndiye hupewa sufuria, na mdogo nilikuwa mimi. Tulipakia boriti za mikoko huku Lamu tukazishusha Mombasa. Moto wetu tuliuwasha ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga, kuni zilikuwa za kuhesabu, maji ya kunywa na ya kupikia yalitoka pipa moja, na nahodha hakukubali watu wake wavute tanga na njaa. Ninayokuandikia mengi ni ya huko.

Siku ya malipo, kabla hujakaa na wenzako, pita sokoni. Nunua pakiti ya kilo 2 ya unga wa sima, mchele kiasi, pojo (choroko), mbaazi kavu, vitunguu, chumvi na mafuta. Ukiweza, nunua ya wiki nzima pamoja. Anayenunua robo leo na robo kesho hulipa zaidi kwa unga ule ule, na kila siku anaanza upya na wasiwasi. Pesa zikipelea, punguza mchele uongeze unga. Mbaazi na pojo usizipunguze hata kidogo, kwa maana hizo ndizo nyama yako. Nafaka ina upungufu ambao kunde huujaza, na kunde zina upungufu ambao nafaka huujaza. Zikiliwa pamoja hujenga mwili vizuri, na wazee wetu waliokula sima kwa mbaazi na wali kwa maharagwe walilijua hilo kwa miili yao kabla ya kuambiwa na daktari.

Sasa nisikilize vizuri kwenye mbaazi, kwa sababu ukiziweza mbaazi umeuweza mwezi.

Asubuhi unapotoka kwenda kazini, zichague, zioshe, uziroweke kwenye maji mengi. Jioni yamwage maji hayo, utie mengine, uzitokose bila chumvi kwa moto mkali. Zikishatokota kama nusu saa, funika sufuria barabara, liepue, ulivingirishe kwa gunia safi kisha shuka nzito au blanketi, ulisukume ndani ya kapu au sanduku. Joto lililomo litaendelea kupika usiku kucha bila kipande cha kaa. Jahazini tulifanya hivyo kila siku kwa sababu ya kuni. Alfajiri utazikuta zimelainika. Zirudishe motoni zitokote tena kabla ya kula, hilo usiliache. Na siku ukipika maharagwe mekundu badala ya mbaazi, hakikisha yametokota kwa nguvu kabla ya kuyafunga, maana yakiwa nusu mabichi yana sumu inayotapisha.

Tanbihi: sufuria kubwa la mbaazi lisitiwe nazi. Huna jokofu, na joto la Malindi unalijua. Chakula cha nazi huchacha upesi, lakini mbaazi tupu zikitokoswa asubuhi na jioni zitakufikisha siku ya pili. Kila mlo teka unazotaka kula, uziunge peke yake. Wengi hulitia nazi sufuria zima, kesho wakalimwaga, kisha wakasema kupika nyumbani ni ghali.

Kuunga kwenyewe ni hivi. Ikune nazi, uitie maji ya vuguvugu kikombe kimoja, ikande, uikamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ni tui zito, liweke kando. Tia maji tena kwenye machicha, ukamue mara mbili, upate tui jepesi. Mbaazi zako zipike kwa tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari kidogo, pilipili mbichi na chumvi, mpaka zianze kushikana. Hapo ndipo utie tui zito, upunguze moto, ukoroge polepole bila kuondoka wala kufunika. Ukiliacha litokote peke yake litakatika, mafuta mbali na maji mbali. Nazi nzima ni nyingi kwa mtu mmoja, na ikishavunjwa haingoji. Katika nyumba ya vyumba sita hakosekani jirani anayepika jioni hiyo hiyo. Mgawie nusu leo, kesho yeye akugawie ya kwake.

Mbaazi hizo asubuhi utazila kwa andazi moja badala ya manne, na usiku kwa sima. Ukichoka nazo, pika mseto. Vikombe viwili vya mchele kwa kimoja cha pojo. Pojo zitangulie kutokota mpaka zipasuke, ndipo utie mchele, chumvi na tui. Maji yakikauka punguza makaa chini, funika, upalie makaa machache juu ya kifuniko. Kwa mchuzi mwembamba wa nyanya, au hata achari ya ndimu peke yake, sahani moja ya mseto itakufikisha mchana wa kesho. Mimi mseto naupenda kuliko pilau, na nilisema hivyo hata siku nilipokuwa na uwezo wa pilau. Wali uliobaki usiulaze mpaka kesho yake. Wali uliolala kwenye joto huumiza tumbo vibaya hata ukipashwa moto.

Na hapa nakuamrisha kama babako: seredani, hilo jiko lako la makaa, ipikie nje, barazani au uani, na usiiingize chumbani usiku hata mvua ikinyesha, hata makaa yakionekana yamekwisha. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala na mlango umefungwa hapati nafasi ya kuamka. Afadhali ulale na njaa siku hiyo.

Kuhusu samaki, fuata pepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, bahari imetulia na vyombo vidogo vinatoka, kwa hiyo hata wewe utakula samaki wabichi. Usiulize nguru wala kolekole, hao ni wa mahoteli. Uliza vibua, uliza samaki simu, uliza fungu la tafi wadogo. Nenda wakati wa magharibi, wachuuzi wanapotaka kurudi kwao, maana samaki asiye na barafu hawezi kumngoja mwenye pesa. Lakini mtazame macho na matamvua, pale anapopumulia, kwanza: macho yakiwa meupe ya ukungu na matamvua yamefifia, mwachie mwenyewe hata akiwa bure. Vichwa vya samaki wakubwa watu huvidharau, na vina mchuzi mtamu kuliko minofu. Vitie kitunguu, nyanya moja, ukwaju, pilipili, maji ya kutosha, na sima kubwa kando.

Kusi ikiingia, bahari ikichafuka, samaki wabichi hupanda bei, na huo ndio wakati wa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na papa mkavu. Kipande cha papa ukubwa wa kiganja, ukikichoma juu ya makaa, ukakiosha, ukakichambua na kukipika na bilingani au embe mbichi kwa tui jepesi, kinatosha watu wawili kwa sima, kwa sababu ladha yake ni kali na huliwa kidogo kidogo. Ng'onda mroweke na umbadilishe maji ili chumvi itoke. Ukimpika na chumvi yake yote utakunywa maji usiku kucha.

Mboga za majani kwenu Malindi ni nyingi kuliko kwetu kisiwani, na ni za bei ndogo. Akina mama wa Kigiriama wanaingia nazo mjini asubuhi: mchicha, majani ya kunde, kisamvu. Nunua fungu kila siku, usikose. Kisamvu kitwange na ukitokose sana, kikiwa kibichi kina sumu. Juu ya mboga kamua ndimu. Chuma kilichomo kwenye majani na kunde huingia mwilini vizuri kikikutana na ndimu, na chai ikinywewa papo hapo na chakula hukizuia. Basi chai yako iahirishe, inywe baadaye.

Ndizi mbichi na mihogo usivione ni vyakula vya unyonge. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa watu wake walikula ndizi na samaki, na mwambao huu ulikuwa na heshima yake. Mihogo ya nazi na vibua wawili wa kukaanga ni chakula ambacho nikikiona mezani nafurahi. Siku mfuko umekauka kabisa, pika uji wa mtama na ukwaju au ndimu, uunywe mzito asubuhi. Nilimwona baharia akipanda mlingoti kwa bakuli la uji huo.

Jambo jingine. Umesema kuna vijana wengine wawili hapo karakana nao wanaishi peke yao. Zungumza nao. Makaa yanayopika sufuria la mtu mmoja yanakaribia kupika la watatu, na nazi moja watu watatu wanaimaliza bila kubaki kitu. Mkichanga kila Jumamosi, mmoja anunue, mmoja apike, mmoja aoshe vyombo, mkabadilishana zamu, mtakula vizuri kuliko kila mtu na chipsi zake. Lakini hesabu iandikwe daftarini tangu siku ya kwanza. Nimeona mabaharia waliopendana wakitengana kwa sababu ya kibaba cha sukari, na hakuna aliyekuwa mwizi, ni hesabu tu haikuandikwa. Na mmoja wao akikosa kibarua wiki hiyo, ale. Atalipa akipata.

Sitaki utume pesa nyumbani mwezi huu. Mamako naye amesema hivyo hivyo. Pesa ulizokuwa utume nunua sufuria lenye kifuniko kinachokaa sawasawa, la pili dogo la kuungia, na mwiko. Hivyo ndivyo vitakavyokutoa kwenye chipsi.

Kesho alfajiri ninampa mtu anayevuka kwenda Mokowe mzigo wako autie kwenye basi. Ndani kuna mbuzi ya kukunia nazi, ile ya bibi yako, nimeitia msumari mpya mguuni. Kuna kifumbu, ng'onda wanne waliokaushwa na mjomba wako, ukwaju uliotolewa kokwa, na chupa ya achari ya mamako. Achari imefungwa kwa nailoni mara tatu, lakini ifungue juu ya karai. Mbuzi ipake mafuta kidogo penye chuma kila ukimaliza kukuna, maana hewa ya chumvi itaila. Basi likichelewa Garsen litafika usiku, kwa hiyo usingoje stendi, nenda ofisini kwao asubuhi ukiwa na kitambulisho.

Ukishapika mbaazi nijulishe kama tui lilikatika, na kama lilikatika niambie moto ulikuwa vipi. Mamako anakusalimu sana, wadogo zako wanakusalimu, na jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro anauliza lini utamtengenezea mlango.

Wasalaam,

Ni mimi babako