Nyiragongo: hizo data mutupe tuzisikie

Bwana muhariri,

Kila volkano yetu ya Nyiragongo ikianza kuongelewa hapa Goma tunaonyeshwa ile karatasi ya mitetemo ya mlima, mistari inapanda inashuka, wenye kuelewa wanatikisa kichwa, siye wengine tunauliza tu alerti iko rangi gani leo, basi. Mi naomba kitu kingine, hizo data zigeuzwe sauti, na isikuwe ya kusikiliza tu kama habari za radio, mutu mwenyewe aichezee kwa simu, aharakishe, apunguze, arudi nyuma.

Si uchawi. Mitetemo ya volkano mingi inapiga mara moja ao mara chache tu kwa sekunde, na sikio la mutu linaanzia kwenye 20 hivi. Ukiiharakisha mara 100 inaingia sikioni bila shida, na siku nzima ya mlima inaisha kwa dakika 14 na kitu. Marekani huko, Sheridan Speeth wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, alishawasikilizisha watu rekodi za namna hiyo, ilikuwa 1961, wakawa wanatofautisha tetemeko la kweli na bomu la nyuklia. Na kwenye chumba cha upasuaji ile mashine ya kidole, oksijeni ikishuka sauti nayo inashuka, daktari hana haja ya kugeuza macho.

Sasa kwa nini mutu aguse mwenyewe? Mama akitaka kujua bidoni imebakisha maji kiasi gani hachungulii ndani, anaitikisa. Mkono na sauti pamoja njo vinamwambia.

Tuseme ukweli pia, sauti isingetuokoa ile jioni ya 22 Mei 2021, maana vyombo vyenyewe vya kupima mlima havikuona karibu kitu mbele ya lava kutoka. Lakini zile siku zilizofuata! Ardhi inacheza usiku na mchana, nyufa barabarani, tarehe 27 tunaambiwa kartye 10 zihame, watu wanajaa njia ya Sake, wengine Gisenyi, na ni wangapi walielewa kwamba magma, yale mawe yaliyoyeyuka, ilikuwa inapita chini ya mji kuelekea ziwani? Fikiria umeweka ekuteri masikioni, kila tetemeko ni noti moja, la upande wa mlima liko sikio la kushoto, la upande wa ziwa liko la kulia, la kina kirefu linanguruma, la karibu na juu linalia nyembamba, kubwa linapiga kwa nguvu. Ungezisikia zinahama kutoka mlimani, zinapita chini ya nyumba yako, zinaingia Kivu, na hujasoma hata namba moja.

Ila vijana wa informatiki wakiifanya, tafazali wasituwekee ngoma za filamu za kutisha, mji huu unakimbia hata pine ikipasuka. Noti ya kina fulani ibaki ileile leo na kesho, sikio lizoee kwanza volkano yetu inasikika namna gani ikiwa imetulia, bila hivyo hatutajua imebadilika. Pure Data, programu ya kutengeneza sauti, ni ya bure na ordinateri ya kawaida inatosha. Waanze na mitetemeko ya ile Mei, ilirekodiwa, halafu watutumie kwa WhatsApp, sauti inakula mega kidogo kuliko video.

Musomaji wenu, Katindo, Goma