Miwa isilazwe langoni mwa kiwanda

Kwa Mhariri,

Miwa ikishakatwa, sukari iliyomo huanza kupotea. Yafaa ikamuliwe ndani ya saa 24, au 48 ikichelewa sana. Lakini huku Nyando trekta hulala kwenye foleni siku kadhaa, miwa ikikauka ncha na kunuka uchachu. Kufikia hapo, sehemu ya sukari imeshageuka glukosi na fruktosi, ambazo hazigandi kuwa chembe hata maji ya miwa yakitiwa chokaa na kuchemshwa vipi. Huishia kwenye molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki sukari ikishatolewa. Nasi tunaolipwa kwa uzani tunapoteza pesa kwa kila kilo iliyokauka. Tafadhali, kiwanda kiruhusu kukatwa miwa inayotosha vinu vyake tu.

Mkulima wa miwa,
Awasi, Kisumu