Si umaskini tu uliotubakiza kwenye nyeusi na nyeupe

Mhariri,

Mwandishi wenu amesema studio za Uganda ziling'ang'ania picha nyeusi na nyeupe kwa kukosa pesa za rangi. Kiasi fulani ni kweli. Lakini New York Times nao hawakuweka picha ya rangi ukurasa wa kwanza mpaka Oktoba 1997, na filamu ya rangi ya Kodacolor ilikuwa sokoni tangu 1942. Nao walikuwa maskini?

Nilikuwa na studio hapa Bombo, wateja wangu wengi wakiwa askari na familia zao. Kilichonishika ni chumba cha giza. Filamu nyeusi na nyeupe unaisafisha kwa dawa ya nyuzijoto 20. Siku ya joto ikifika 24 unapunguza dakika, kazi inaendelea. Picha unaichapa chini ya taa nyekundu, unaona sura inatokea kwenye dawa, na ikitosha unaitoa. Rangi haina huruma hiyo. Dawa za C-41, zilizokuja 1972, zinataka nyuzijoto 37.8, na ikipungua kidogo tu rangi zinapotoka. Karatasi yake nayo haitaki taa nyekundu, unapapasa gizani. Kwa umeme ule wa kukatika-katika? Basi filamu ya rangi niliipakia kwenye basi la Nairobi, na mteja akanijia kila asubuhi kuuliza picha zake.

Halafu mwaka huohuo wa 1972 Wahindi walifukuzwa, na wengi wa waliotuuzia vifaa wakaondoka nao. Vifaa vikawa vya magendo kama sukari. Nyeusi na nyeupe iliwezekana hata hapo: ukipata kanda la filamu la mita 30 unajikatia vipande mwenyewe, dawa unazipima kwa mizani na kuzichanganya ndani ya ndoo. Hypo, ile dawa ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga, ikiwepo, studio inafunguliwa.

Sisemi watu hawakuitaka rangi. Bibi harusi aliyeshonewa busuti ya hariri hakuwa na muda wa kusikia habari za mizani yangu. Alitaka busuti ionekane. Wengine tuliwapaka rangi mashavu na tai kwa brashi juu ya picha, na wakalipa vizuri. Ila nendeni mkaangalie leo albamu za harusi za miaka ya themanini: rangi zimechujuka, nyuso zimebaki wekundu mtupu. Picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa madini ya fedha, si kwa rangi za kemikali zinazofifia, na ukiisuuza vizuri hypo ikatoka yote, inakuzidi umri. Zile negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali zilizokutwa Uganda Broadcasting Corporation, ambazo baadhi zilionyeshwa Uganda Museum mwaka 2019, zilikaa miaka mingi kwenye bahasha tu, na zilichapika.

Nina ombi moja. Picha ya gwaride mliyochapa pamoja na makala ile mmeitia rangi kwa kompyuta, na kofia za askari mmezifanya kijani. Zilikuwa buluu. Wazee waliozivaa bado tunao hapa Bombo, mngewauliza. Kama hamna nafasi ya kuuliza, ichapeni kama mpiga picha alivyoiacha.

Mpiga picha mstaafu,
Bombo