Mteja kalipa, tovuti inasema hajalipa

"Pesa imekatwa, oda haionekani." Lalamiko hili hutufikia mara kwa mara, na likifika, mwenye duka tayari anamshuku mteja wake kwa uongo au fundi wake kwa wizi. Ukifungua kodi ya programu (maagizo yanayoendesha tovuti) unakuta jambo dogo zaidi: tovuti iliridhika na jibu la kwanza.

Malipo ya M-Pesa kwenye tovuti yana majibu mawili. Mteja akibofya "Lipa", seva yako hutuma ombi kwa M-Pesa na papo hapo hurudishiwa sifuri pamoja na CheckoutRequestID, yaani namba ya kulitambulisha ombi hilo. Sifuri hiyo inasema ombi limepokelewa, basi. PIN haijaandikwa, shilingi haijatoka. Habari ya pesa yenyewe huja baadaye, kwenye anwani ya seva uliyoitaja ndani ya ombi, ikiwa na ResultCode yake, yaani namba ya matokeo: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu kwa wakati.

Fundi wa haraka huona sifuri ya kwanza na kuandika oda "imelipwa". Kwenye majaribio mambo huenda sawa, kwa sababu anayejaribu ni yeye na kila mara anaweka PIN. Duka likifunguliwa, watu wanaghairi na mzigo unatoka bure. Mwingine hukosea upande wa pili: ukurasa unasubiri sekunde 30 kisha unatangaza "malipo yameshindikana", na mteja wa watu bado anatafuta miwani. Anaweka PIN, anaona tangazo, anabofya tena, anakatwa mara mbili. Hapo ndipo simu za matusi zinapoanza.

Kurekebisha kunaanzia kwenye hifadhidata. Jibu la kwanza likifika, hifadhi CheckoutRequestID pamoja na namba ya oda, hali ikiwa "inasubiri". Oda inayosubiri isiruhusiwe kutuma ombi jingine, na ukaguzi huo ufanyike kwenye seva. Kuzima kitufe peke yake hakutoshi, mtu akipakia ukurasa upya kitufe kinarudi. Safu ya namba ya risiti ya M-Pesa iwekewe sharti la UNIQUE (namba isijirudie), ili taarifa ileile ikiletwa mara mbili, ya pili igomewe na hifadhidata yenyewe. Kisha linganisha kiasi kilicholipwa na bei iliyo kwako. Bei iliyotumwa na kivinjari usiiamini hata kidogo: tumekuta fomu ya duka la vifaa vya nyumbani yenye bei ndani ya uga uliofichwa, na yeyote anayejua kubofya kulia angeagiza friji kwa shilingi 1.

Na taarifa isipofika kabisa? Hutokea: seva ilizima dakika mbili, au cheti cha HTTPS, kinacholinda mawasiliano ya tovuti, kimeisha muda na hakuna aliyekumbuka. Weka kazi ya cron, yaani programu inayojiendesha kwa ratiba, inayoamka kila dakika, ichukue oda zilizosubiri zaidi ya dakika mbili na kuiuliza M-Pesa hali yake kwa CheckoutRequestID. Uliza vivyo hivyo kabla ya kutoa mzigo wa bei kubwa, maana anayeijua anwani yako ya kupokelea taarifa anaweza kukutumia taarifa ya kutunga.

Vidogo vinavyosumbua: kodi ya zamani hukubali namba za 07 tu na kuzikataa za 01, ilhali zote zinatakiwa zigeuzwe zianze na 254. Tokeni, yaani kibali cha muda ambacho seva hutumia kuwasiliana na M-Pesa, huisha baada ya sekunde 3600. Seva ikiwa kwenye saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, oda za kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku huandikwa tarehe ya jana, na hesabu za siku hazitalingana na taarifa ya M-Pesa hata ukeshe.

Tunaulizwa kwa nini kuunganisha malipo kunagharimu kuliko kurasa zote zilizobaki. Kitufe ni kazi ya nusu siku. Siku zinazofuata tunaghairi malipo makusudi, tunazima simu katikati, tunatuma taarifa ileile mara tatu. Anayekutoza ya kitufe amekufanyia kitufe.

Ukituletea tovuti yenye tatizo hili, njoo na taarifa ya M-Pesa ya wiki moja na orodha ya oda za wiki hiyohiyo. Picha ya SMS ya mteja iache, SMS hata mtoto anaitunga. Tunatafuta namba za risiti.