Barua kwa mwalimu mwenzangu kuhusu kani ya nne

Jinja, Uganda

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Sisi huku hatujambo, na tunatumaini kwamba nawe na jamaa zako huko Arua mu wazima. Barua yako nimeipokea na nimeisoma kwa makini, hasa pale ulipoeleza kwamba wanafunzi wako wa kidato cha sita wamekuuliza kwa nini maumbile yana kani nne za msingi ilhali tatu zinaonekana kutosha. Unasema uliwajibu kwamba kani dhaifu ya nyuklia inahusika na mionzi ya baadhi ya elementi, na kwamba katika maisha ya kawaida mtu anaweza kuiweka kando. Sehemu ya kwanza ya jibu lako ni sahihi. Ya pili naomba tuijadili, kwa sababu ninaamini kwamba bila kani hiyo tusingekuwa na maisha ya kawaida wala ya namna nyingine yoyote.

Zile tatu hazina ubishi kati yetu, kwa hiyo nitazipitia upesi. Mvutano huvuta kila kitu, wala hauna chaji mbili za kupingana na kufutana, na ndiyo maana unatawala sayari na nyota ingawa ni hafifu kuliko kani zote: baina ya protoni mbili, msukumano wa umeme unaushinda mara nyingi mno, takriban namba inayoandikwa kwa tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 36. Sumakuumeme huzishika elektroni katika atomi na hubeba nuru. Kani kali ya nyuklia hufunga kwaki, yaani chembe ndogo zinazounda protoni, ndani ya protoni, na protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomi, lakini nje ya kiini haifiki mbali. Takriban asilimia 99 ya tungamo la protoni hutokana na nishati ya kani hiyo na mwendo wa kwaki zenyewe, jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue kabla hajamaliza shule.

Sasa tulitazame Jua, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kitovuni mwake, ambako joto linafika digrii milioni 15 hivi, protoni, ambazo ndizo viini vya haidrojeni, zinakimbia na kugongana bila kukoma. Chaji zao zinasukumana, na hata zile chache zinazofaulu kukaribiana vya kutosha haziwezi kushikamana, kwa kuwa kiini chenye protoni mbili tupu hakidumu. Kani kali peke yake haitoshi kukishikilia. Njia iliyopo ni protoni moja igeuke kuwa nyutroni papo hapo zinapokutana, huku ikitoa positroni (chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya) na nyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji), na katika kani zote nne hakuna inayoweza kufanya mageuzi hayo isipokuwa kani dhaifu. Nayo huyafanya kwa nadra mno, kiasi kwamba protoni ya kawaida kitovuni mwa Jua husubiri mabilioni ya miaka kabla zamu yake haijafika. Hatua inayofuata, ambapo protoni nyingine huungana na kile kiini kipya, huchukua sekunde chache tu.

Matokeo yake yanashangaza ukiyapigia hesabu. Mita moja ya ujazo ya kitovu cha Jua hutoa wati zisizofika 300. Mtu aliyepumzika hutoa takriban wati 100, na mwili wake haujai hata sehemu ya kumi ya mita hiyo; kwa hiyo, ujazo kwa ujazo, mwili wa binadamu unazalisha joto jingi kuliko kitovu cha Jua. Jua linatuangazia kwa sababu ni kubwa kupita kiasi, na limedumu miaka bilioni 4.6 kwa sababu linatumia haidrojeni yake polepole. Laiti hatua ile ya kwanza isingelazimika kupitia kwa kani dhaifu, haidrojeni ingeungana kwa kasi kubwa mno katika joto lile lile.

Mimi ninaishi mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa macho. Tunapowapeleka wanafunzi kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria, lililofunguliwa mwaka 1954, tunawaonyesha mvutano katika maji yanayoporomoka na sumakuumeme katika jenereta, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, na hapo ndipo tunapoishia. Hatuwaulizi maji yale yalipandaje. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua hiyo ni maji yaliyoinuliwa na joto la Jua. Ni haki kusema kwamba nishati ya Jua inatokana zaidi na kani kali inapofunga viini. Kani dhaifu ndiyo inayofungua mlango na kuamua kasi.

Huenda wanafunzi wakauliza kwa nini inafanya kazi kwa nadra hivyo. Waeleze kwamba fotoni, yaani chembe ya nuru inayobeba sumakuumeme, haina tungamo, ilhali bosoni ya W, moja ya chembe zinazobeba kani dhaifu, ina tungamo takriban mara 85 ya lile la protoni, na kwa sababu hiyo kani yenyewe haifiki hata sehemu ya mia ya upana wa protoni. Bosoni ya W na mwenzake Z zilionekana katika maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva, mwaka 1983. Kabla ya hapo, Sheldon Glashow, Abdus Salam na Steven Weinberg walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba katika nishati kubwa sana kani dhaifu na sumakuumeme ni kani moja, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Tafadhali uwatajie jina la Salam. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Pakistan, na mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi kama zetu wapate mahali pa kufanyia utafiti bila kuhama makwao moja kwa moja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo siwezi kuliacha. Kani dhaifu ndiyo pekee inayotofautisha kushoto na kulia. Mwishoni mwa mwaka 1956, Chien-Shiung Wu na wenzake huko Washington walipoza kobalti-60, aina ya kobalti yenye mionzi, hadi karibu na sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, wakavipanga viini vyake kwa uga wa sumaku, wakaona kwamba elektroni zinatoka kwa wingi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1957 walipewa Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, waliotoa wazo kwamba huenda kani dhaifu inatofautisha pande hizo, na Wu akaachwa, uamuzi ambao mimi nauona kuwa dhuluma. Kobalti-60 hiyo hiyo imetumika kwa miaka mingi katika mashine za kutibu saratani kwa mionzi: kani dhaifu huigeuza kuwa nikeli, nusu ya viini vyake katika kila miaka mitano na robo hivi, na nikeli hiyo mpya ndiyo inayotoa mionzi ya gama inayolenga uvimbe.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama kani zote nne zimekwisha kuunganishwa kuwa moja, mvutano bado haujaunganishwa na zile nyingine tatu katika nadharia yoyote iliyothibitishwa kwa majaribio. Ukiwafundisha somo hili upya, ningeshauri uanze na Jua, kisha uniandikie maswali watakayouliza.

Wasalimie jamaa wote nyumbani na walimu wenzetu hapo shuleni.

Rafiki yako wa dhati