Dakika kumi za jioni, kuanzia leo

Habari za jioni ndugu zangu. Kama tulivyokubaliana Jumamosi, leo tunaanza zoezi letu la kuandika kila jioni jambo moja la kazini, kisha kushirikishana kwa ufupi humu kikundini. Kabla hujafunga ofisi, chukua daftari (si simu, nawasihi, maana simu ina mambo yake) uandike tukio moja tu la kazini: nini kilitokea, wewe ulifanya nini, na kesho utafanya nini tofauti. Hilo la kesho liwe dogo, la kufanyika kabla ya saa sita mchana.

Naanza mimi, maana nilitangulia kujaribu: jana niliandika kwamba kikaoni nilimkatiza mhasibu wetu mara mbili. Leo asubuhi nimekwenda mezani kwake, nimekaa, nikamwacha aseme mpaka mwisho. Kumbe malipo ya mafuta yanakwama kwa sababu madereva wanakusanya risiti wiki nzima ndipo wanazileta. Miezi mitatu nimekuwa nikimlaumu yeye! Nimemwomba radhi.

Miaka ya 1940 huko Uingereza, Reg Revans, mtaalamu wa mafunzo ya mameneja, aliwakutanisha mameneja wa migodi ya makaa ya mawe wasaidiane kutatua matatizo yao wenyewe, kwa kuulizana maswali. Nasi tufanye hivyo hapa: mwenzako akileta jambo, muulize kwanza, ushauri usubiri. Majina ya wafanyakazi na siri za ofisi zisiletwe humu.

Walio zamu ya usiku waandike asubuhi. Nasubiri mistari yenu miwili mitatu kabla ya saa tatu usiku.